Mchi Usio na Namba

Baba yangu alikuwa dresa, mfunga vidonda na mchoma sindano, wa zahanati ya shamba la chai, juu kule upande wa Mponde, na miaka yote aliyofanya kazi hiyo watu walimwita daktari. Yeye hakuwasahihisha. Aliyewasahihisha ni mama, tena mbele yake, maana mama hakupenda mtu avae koti lisilo lake.

Zahanati ilikuwa vyumba viwili na baraza. Dawa zilikuja na kuisha, lakini vifaa havikuisha, na vingi vilimzidi baba umri. Vilikaa ndani ya sanduku la bati la kijani. Vilianzwa na Wajerumani, vikaongezwa na Waingereza, mwisho vikarithiwa na shirika la umma pamoja na chai yenyewe. Jumamosi mchana, wagonjwa wakishakwisha, baba alivipanga juu ya kitambaa cheupe avipake mafuta visishike kutu. Mimi nilikaa karibu yake nikiuliza maswali, na kila kitu kilikuwa na kisa chake.

Kulikuwa na ufunguo wa meno. Hasa ulikuwa ufunguo: mpini wa mti, chuma kilichonyooka, na kulabu mbele ya kushikia jino. "Unazungusha kama unafungua mlango," alisema baba. Nikamuuliza, na jino likikatikia ndani? "Basi mlango umefunguka nusu," akajibu, akaendelea kupaka mafuta. Kulikuwa na kisanduku cha shaba, ukibonyeza kitufe chake nyembe zinaruka kwa chini zote kwa pamoja. Hicho kilikuwa cha kuchanja ngozi ili kumtoa mtu damu chafu. Kilikwenda sambamba na vikombe vidogo vya kioo, ambavyo viliwashiwa pamba ndani na kubandikwa mgongoni vikiwa vya moto, vivute damu.

"Kumbe hata Wazungu waliumika?" nilimuuliza.

"Waliumika. Babu yako alitumia pembe ya ng'ombe, wao kioo. Damu ilikuwa ile ile."

Na kulikuwa na bomba la bati zito, nene kama mkono wa mtoto, lenye mdomo mweusi mwembamba na kipande cha ngozi kwenye fimbo yake ya kusukumia. Mama alikataza lisipandishwe mezani. Baba alinieleza kwamba zamani, mtoto mwenye homa akitapika kila anachopewa, kwinini ilichanganywa na maji ya uvuguvugu ikapitishwa nyuma kwa bomba hilo, kwa sababu huko hakuna kutapika. Aliwahi kumwona mzee aliyemfundisha kazi akifanya hivyo. Nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Vifaa vilivyofanya kazi kila siku vilikuwa mabomba ya sindano ya kioo. Kila bomba lilikuwa na sehemu mbili, mwili wenye mistari ya kupimia na mchi unaoingia ndani yake. Kiwandani vilisagwa pamoja hadi vikatoshana, hata maji yasipate pa kupita, kisha vikachorwa namba moja. Ishirini na saba kwa ishirini na saba. Ukichukua mchi wa bomba jingine, kwa macho utaona umeingia vizuri tu, lakini ukisukuma, dawa itarudi nyuma tone kwa tone, na mgonjwa atapata pungufu ambayo hakuna anayeijua kiasi chake.

"Hawa wameoana kiwandani," baba alinionya. "Usije ukampa mtu mke wa jirani."

Kuyaosha na kuyachemsha ilikuwa kazi yangu na mama. Saa ya zahanati ilikufa kabla sijazaliwa, kwa hiyo mama aliyapima maji yake kwa nyimbo za kitabu cha kanisani. Maji yakianza kutokota, tuliimba nyimbo nne, beti zote, polepole, ndipo sufuria iepuliwe. Wafanyakazi wa shamba walitoka kila pembe ya nchi, Waislamu kwa Wakristo, na waliokuwa wakisubiri barazani walizijua beti zile kuliko mimi. Nilipojaribu kuruka ubeti wa tatu ili nikacheze, kuna aliyenirudisha kutoka nje.

Nilikuwa darasa la sita siku mchi wa ishirini na saba uliponiponyoka. Ulianguka sakafuni ukawa vipande vitatu. Mama alikuwa amekwenda kuongeza kuni. Ndani ya sanduku kulikuwa na mchi mmoja mpweke, ambao mwili wake ulipasuka zamani. Niliuchukua nikasugua namba yake kwenye jiwe la kunolea sindano mpaka ikafutika, nikautia ndani ya mwili wa ishirini na saba. Vipande nikavitupa kwenye mtaro katikati ya chai. Namba za mabomba ya zamani zilikuwa zikififia zenyewe kwa kuchemshwa, kwa hiyo baba alipouona mchi hauna namba hakushangaa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema. Baba hakuwa mtu wa kupiga. Lakini ilikuwa miaka ya uhaba, hata sabuni ya kufulia tuliigawana kwa kisu, na nilijua bomba lile halitapata badala yake. Zaidi ya hapo nilikuwa mtoto mwenye kiburi, niliyezoea kusifiwa kwa mikono mizuri.

Miezi michache baadaye nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko nikichambua maharage, nikamsikia baba akimwambia mama, "Mikono yangu imeanza kumwaga dawa. Nikichoma, kidole kinalowa." Mama akamwambia ni uchovu. Baba akasema si uchovu. Wiki ile alikuwa amemtibu mtoto wa mchuma chai mmoja, mwanamke aliyetoka Kigoma; mtoto huyo alikuwa binti mdogo mwenye kichomi. Alimchoma penisilini kila siku, na siku ya nne mtoto akafa. "Nusu ya dawa niliimwaga mimi," baba alisema. "Nimemwambia mama yake hivyo."

Nilisikia yote, neno kwa neno. Nikaendelea kuchambua maharage.

Baada ya siku hiyo baba hakushika sindano tena. Alimwomba meneja amlete mtu mwingine wa kuchoma, yeye akabaki kuandika kadi na kugawa vidonge mpaka akastaafu. Watu waliendelea kumwita daktari, na sasa alikuwa akiwasahihisha mwenyewe.

Miaka ikapita. Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa sabuni za kila rangi na mitumba ikapanda milima hadi kwetu. Mwisho ukaja ubinafsishaji. Shamba likapata wenyewe wapya, na wenyewe wapya hawakuona sababu ya zahanati. Waliagiza sanduku la kijani litupwe shimoni. Baba, mstaafu mwenye fimbo, alikwenda akalichukua, akalileta nyumbani, akalisukuma chini ya kitanda. Tulimcheka. Wakati huo sindano zilikuwa za plastiki, zimefungwa kwenye karatasi zake, unachoma mara moja unatupa. Kwa kuwa ule ugonjwa mpya ulimtisha kila mtu, mgonjwa alitakiwa aende hospitali na sindano yake mwenyewe. Kila nyumba yenye akili iliweka moja kabatini, na sisi tuliweka moja.

Mimi nilikuwa nimeolewa, nina binti wa miaka minne. Mume wangu alikuwa kibaruani Tanga. Mwaka huo nilimpeleka mtoto Muheza kwa wifi yangu msimu wa machungwa, tukakaa wiki mbili. Mtu wa kwetu milimani anajua kwamba homa ya bondeni haimjui mtoto wa baridi. Ikimkuta inamchukua kama mgeni. Nilijua, na nilikwenda, kwa sababu nilitaka machungwa na soga. Wifi aliniagiza nirudi na ampuli tatu, vichupa vya kwinini ya sindano, alizonunua duka la dawa. "Weka tu, huwezi kujua," alisema.

Tulirudi kwa baba na mama, na siku ya tisa mtoto akashikwa. Jioni ilikuwa homa. Asubuhi alitapika klorokwini, tukampa tena akatapika tena. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na mlima ulikuwa umeporomoka juu ya barabara ya Soni, hakuna gari linalopanda wala linaloshuka. Vijana waliojaribu kupita na machela walirudi na matope hadi kiunoni. Saa nne asubuhi degedege ikampata mikononi mwangu. Macho yaligeuka, meno yakaumana, mwili mdogo ule ukakauka kama ubao. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Sioni aibu kusema kwamba nilimtukana Mungu, na mama yangu Mlutheri alinisikia wala hakunikemea.

Degedege ilipoachia, baba alisema tu, "Leteni sindano na ampuli." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitaka sindano tangu nilipokuwa darasa la sita.

Mama alikimbilia jikoni. Na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote, ila mke wa dresa. Aliichana karatasi, akaitoa sindano ya plastiki iliyotoka kiwandani safi kabisa, akaitia kwenye sufuria ndogo, akaiteleka. Miaka thelathini alifundishwa kwamba sindano isiyochemshwa ni muuaji. Nilimsikia ameanza wimbo wa kwanza. Alipofika wa pili, mtoto akashikwa mara ya pili, nikapiga yowe, akaja mbio. Tulimshika sote. Tuliporudi jikoni maji yalikuwa yamekauka na plastiki imeyeyuka, imegandamana na sufuria.

Majirani waliulizwa, hakuna aliyebaki na nyingine. Mama alikaa chini sakafuni. "Nimemuua mjukuu wangu," alisema. Baba aliinama, akalivuta sanduku chini ya kitanda.

Mabomba ya kioo yaliyobaki yalikuwa manne. La kwanza lilikuwa na ufa. La pili na la tatu mchi ulikuwa umeganda ndani, hata kwa maji ya moto haukutoka. La nne lilikuwa la ishirini na saba. Baba aliuvuta mchi, ukateleza vizuri. Akaliinua kwenye mwanga wa mlango. "Hili bado zima," alisema, na uso wake ukapata uhai. "Litachemshwa. Mama, imba."

Mchi haukuwa na namba.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikwisha kuzaa, na niliyemzaa alikuwa amelala pale kitandani na povu mdomoni. Nilihesabu haraka haraka kama mwizi. Nikinyamaza, baba atachoma; nusu ya dawa itarudi kidoleni kwake, au robo, au zaidi, na ampuli ni tatu tu. Ataona kidole kimelowa. Atasema ni mikono yake. Mtoto akifa atasema hivyo mpaka kaburini, na mimi nitakuwa nyuma ya mlango kwa mara ya pili.

"Tate, usitumie hilo," nilisema. Nyumbani tulimwita kwa Kishambaa chetu.

"Kwa nini?"

"Mchi si wake. Wa ishirini na saba niliuvunja mimi. Huo ni wa bomba jingine. Namba niliifuta kwa jiwe."

Hakunitazama. Alichovya bomba kwenye bakuli la maji, akavuta, akaziba tundu la mbele kwa kidole, akasukuma. Maji yalipanda nyuma ya mchi taratibu, yakamlowesha dole gumba. Akalitazama lile dole. Mama naye akalitazama.

"Tangu lini?" baba aliuliza.

"Nilikuwa darasa la sita."

Mtoto alikoroma, na baba akashtuka kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake. Akaingiza mkono ndani ya sanduku akatoa bomba la bati.

Ngozi ya fimbo yake ilikuwa imekauka na kujikunja. Baba aliilowesha kwenye maji ya uvuguvugu, akaipaka vaselini, akaikanda kwa vidole, akalowesha tena, mpaka ikatanuka na kushika kuta za bati. Mama alichemsha lile bomba na mwili wa kioo wa ishirini na saba, akaimba nyimbo zote nne bila kuruka hata neno, na machozi yakimwingia mdomoni. Sikumbuki kama niliimba. Nakumbuka nilitamani kuruka beti, na safari hii hakukuwa na mtu barazani wa kunirudisha.

Mwili wa kioo, bila mchi, ukawa kipimo. Baba aliziba tundu lake kwa kidole, akamimina kwinini ndani yake mpaka kwenye mstari alioutaka kwa uzito wa mtoto, akaichanganya na maji yaliyopozwa, akavuta yote kwa bomba la bati. "Mlazeni ubavu," alisema. "Kunja goti." Akapitisha dawa polepole sana, kisha akamwonyesha mama jinsi ya kuyabana makalio ya mtoto yasiachie. Mama aliyabana huku ametazama ukutani. Ile kazi aliyoona haya hata kuitaja, aliifanya akiwa ameuma mdomo, na hakuachia mpaka baba alipomgusa bega.

Nilikuwa nikitazama mikono ya baba. Haikutetemeka. Haikumwaga hata tone. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, na mikono ile ilikuwa imetulia kama meza. Nilitamani ardhi ipasuke.

Alirudia jioni, na alfajiri akarudia tena, na ampuli zikaisha. Degedege ilikuja mara moja zaidi, fupi, kisha haikuja. Kulipokucha joto lilikuwa limeshuka. Saa tatu mtoto alifumbua macho akaomba chungwa, akakasirika alipopewa kipande kimoja tu.

Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono juu ya magoti, viganja juu. Alimwambia mama, si mimi, "Mikono yangu haikuwa na kosa." Mama akasema, "Haikuwa na kosa." Baba akarudia tena, kana kwamba hajasikiwa: "Haikuwa na kosa, miaka yote hii." Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na hasira ningeiweza. Ile furaha yake ndogo ndiyo iliyonishinda, nikaenda kulia nyuma ya zizi.

Barabara ilipozibuliwa, aliniita. "Yule mama wa Kigoma bado yuko kambini," alisema. "Nilimwambia ni mimi. Sasa utakwenda umwambie mwenyewe."

Kambi ya wafanyakazi ilikuwa imebaki nyumba chache zenye watu. Wengi walirudi makwao shamba lilipobadili mikono. Nilimkuta akipasua kuni mbele ya mlango wake. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanikaribisha kwenye gogo. Nikamweleza yote: mchi, jiwe, maharage, homa ya mwanangu. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliokota kuni mbili tatu akazipanga.

"Baba yako huniletea viazi kila msimu," alisema. "Kila msimu ananiomba radhi. Nilimsamehe mara ya kwanza, lakini haachi kuja."

"Hakuwa na kosa, mama."

"Nimesikia." Akapangusa mikono. "Na huyo wako amepona?"

"Amepona."

"Wa kike?"

"Wa kike. Ana miaka minne."

"Wangu hakufika minne," alisema. "Mlete nimwone."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimpeleka. Bado alikuwa amekonda na miguu haina nguvu, nilimbeba njia nzima. Yule mama alimpokea, akamkalisha pajani, akampa karanga za kuchemsha, akamuuliza anaimba nyimbo gani. Mtoto, asiyejua lolote, akaanza kumwimbia. Nami nikavuta gogo nikae.

"Wewe nenda," aliniambia, bila ukali, bila kuniangalia. "Utarudi jioni."

Nilikwenda. Nilishuka njia ya chai mpaka kwenye mtaro nilikotupa vipande vya mchi, mahali ambapo mlango wa yule mama bado unaonekana, nikakaa pale mikono mitupu mpaka jua lilipoingia nyuma ya mlima.